Wakati wa Matangazo Ndipo Ninapomwona Mwanangu

Jumapili, 12 Februari 2006
Lewisham

Mvua ya huku haina adabu. Hainyeshi tukajua inanyesha, wala haikatiki. Inarasharasha tu tangu Alhamisi. Soksi zangu za kazi ziko juu ya hita tangu jana mchana na bado zina unyevu. Moyo nao hivyo hivyo.

Sijaandika hapa karibu wiki mbili. Wasomaji wangu watatu, kama bado mpo, mnisamehe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na jambo la kuficha, na mimi nikikaa mbele ya kompyuta hii siwezi kuficha kitu, kwa hiyo nikaona heri nisiiwashe.

Baba yangu amefariki.

Alifariki siku kumi na mbili zilizopita, nyumbani Wundanyi, usingizini. Jana wamemzika. Mimi sikwenda. Pasipoti yangu iko Croydon, kwa watu wa uhamiaji, pamoja na maombi yangu ya kuongezewa muda, na ukitoka nchini maombi hayajajibiwa, basi umejifungia mlango mwenyewe. Nimelitunza hili vizuri sana kichwani, na kila anayeniuliza namwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nafika kazini, kwenye nyumba ya wazee, namvisha mzee wa watu soksi, naona vidole vya miguu yake, na naanza kulia pale pale sakafuni.

Lakini si hilo nililotaka kuandika. Nataka kuandika juu ya mpira wa kikapu.

Najua. Nivumilieni.

Mwanangu Mwakio yuko Marekani, mwaka wa tatu sasa, katika chuo kidogo ambacho hata Wamarekani wenyewe humwuliza kiko wapi. Alipelekwa na urefu wake. Mimi nilimwacha na baba yangu mwaka 1997, akiwa na miaka kumi na moja, nikaja huku kutafuta. Baba ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemshonea suruali za shule kwa kuongeza kitambaa chini kila muhula, kwa sababu mtoto alikuwa anarefuka kuliko duka lilivyoweza kumvisha. Mimi nilituma pesa na kadi za Krismasi. Nasema ukweli, Babu ndiye mzazi wake. Mimi ni mama wa simu.

Katika timu Mwakio si nyota. Anakaa benchi. Akiingia anaingia dakika mbili tatu, mwenzake akiwa na makosa mengi au amechoka, kisha anarudishwa. Kwa hiyo mtu akiangalia mchezo ule ili amwone mtoto wangu atakuwa anapoteza muda wake.

Ila kuna matangazo.

Rafiki yangu hapa Lewisham, Mama Furaha, mtu wa Bukavu, mumewe ni mgonjwa wa michezo. Ana dishi na chaneli moja inayoonyesha michezo ya Kimarekani, na Jumamosi nyingine, mara chache sana, inaonyesha chuo cha Mwakio. Wakicheza saa sita mchana kwao, huku ni saa kumi na moja jioni. Nikiwa sina zamu nakwenda kukaa kwenye kochi lao.

Mwanzoni sikuelewa kitu. Nilichoona ni kwamba kila baada ya muda mchezo unasimama, vijana wote wanakwenda pembeni, wanajikusanya duara, wanashikana mabega, wanainamisha vichwa. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyefunga. Wanasimama tu na kuinama. Mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nikasema, Bwana asifiwe, chuo gani hiki cha wacha Mungu, wanakatiza mchezo mara nne kila kipindi ili waombe! Nikawa nami nasimama mbele ya televisheni ya watu, nafumba macho, naomba pamoja nao mpaka kipenga kilie.

Nilikwenda hadi kanisani nikatoa ushuhuda. Nilishika maikrofoni, nikawaambia kwamba mwanangu yuko mahali ambapo hata michezoni wanamkumbuka Mungu. Watu walipiga makofi.

Nilipomweleza Mwakio kwenye simu alicheka mpaka akaangusha kitu. Aliniambia, "Mama, hayo ni matangazo ya biashara. Magari na piza."

Ndipo aliponifundisha. Kipindi kimoja kwao ni dakika ishirini, na saa yao inahesabu kurudi nyuma. Ikishuka chini ya kumi na sita, mpira ukisimama tu kwa sababu yoyote, faulo au umetoka nje, refa anawasimamisha wote ili televisheni irushe matangazo. Ikishuka chini ya kumi na mbili, tena. Chini ya nane, tena. Chini ya nne, tena. Kipindi cha pili hivyo hivyo. Kuna mtu kabisa amekaa karibu na meza ya waandikaji, ana visikizi masikioni, kazi yake ni kuwasiliana na watu wa televisheni na kumwonyesha refa ishara kwamba sasa wako kwenye matangazo, na sasa wamerudi. Mpaka atoe ishara, hakuna anayecheza. Dakika mbili na zaidi, vijana wenye miguu ya moto wamesimama wakipoa, wanasubiri gari liuzwe.

Kocha naye ana ruhusa zake za kusimamisha mchezo, lakini hizo ni chache, anazibania. Akijua matangazo yako karibu anamwacha mchezaji aliyechoka avute sekunde chache zaidi, maana kipenga kitakuja kumpumzisha bure. Mwakio anasema timu inayopigwa vibaya inayaomba matangazo yaje, na timu iliyopata moto inayachukia. Anasema kocha wao hawaambii wacheze dakika arobaini. Anawaambia wacheze dakika nne. Halafu nne nyingine.

Hilo la dakika nne nimelichukua. Zamu ya saa kumi na mbili nzima haichezeki. Lakini kumwogesha Bibi wa chumba cha tisa, hiyo nawezana nayo.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Matangazo ya Marekani huku hayana kazi, hakuna mtu wa Lewisham atakayenunua gari la kule. Chaneli hii haina matangazo yake ya kutosha. Basi wakati Wamarekani wanaonyeshwa magari na piza, sisi huku picha inabaki uwanjani. Sauti ya mtangazaji inakatika. Unasikia makelele ya ukumbi tu, unaona wasichana wa kushangilia wanaruka na vishada vyao, mtu anarusha fulana kwa watazamaji, na kamera inazungukazunguka bila haraka. Na mara nyingine inakwenda benchi.

Hapo ndipo ninapomwona. Amekaa nyuma ya mabega ya wenzake, anamwangalia kocha. Taulo shingoni. Anakunywa maji. Anakuna goti lile lile alilokuwa anakuna akiwa na miaka mitano. Marekani nzima haimwoni mtoto huyu, mimi namwona.

Na bado naomba. Nimeshajua ni matangazo, lakini mdomo umezoea.

Haya, sasa turudi kwenye msiba.

Kwetu mtu haambiwi kifo kwa simu akiwa peke yake. Sijui kwenu. Kwetu unauliza kwanza: uko wapi, uko na nani, umekula? Na kama yuko peke yake unasema salamu tu, unakata, unamtafuta jirani aende. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo. Kaka yangu Mghanga hakunipigia mimi. Alimpigia Mama Furaha, nambari niliyomwachia kwa ajili ya dharura, na kabla ya saa mbili asubuhi Mama Furaha akawa mlangoni kwangu na chupa ya chai, amevaa kitenge cha kanisani siku ya Jumanne. Nilipoona kile kitenge nikakaa chini.

Alikaa nami siku nzima. Mpaka leo sijui kazini kwake alidanganya nini.

Jioni yake Mghanga akanipigia tushauriane juu ya Mwakio. Hana ndugu kule. Hakuna Mtaita, hakuna Mkenya hata mmoja katika mji ule. Nani atakwenda mlangoni kwake? Nani atamshika? Mghanga akaamua asiambiwe mpaka msimu wa michezo uishe, mwezi ujao, aje huku kwangu au aende nyumbani, aambiwe akiwa na watu. "Asije akaanguka peke yake katika nchi ya watu," alisema.

Nilikubali. Na hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli. Sikukubali kwa sababu ya desturi. Nilikubali kwa sababu nilipata nafuu. Niliogopa kuisikia sauti yake. Nilimwacha na mtu mmoja duniani, na mimi ndiye ningepaswa kumwambia kwamba mtu yule hayupo.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Mwakio alipiga. Akauliza, kama anavyouliza kila mara kabla hata ya kuniuliza mimi hali yangu: "Babu anaendeleaje?"

Nikamwambia, "Yuko salama. Anakusalimia."

Baba alikuwa na siku tatu mochwari.

Jumatano hii alipiga tena, na hakuuliza juu ya Babu. Nilishukuru. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili nikisubiri swali, nalo halikuja. Badala yake aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaniuliza, "Mama, hapo ulipo uko na mtu?" Nikamjibu niko peke yangu, nimetoka zamu, nataka kulala kidogo. Kisha akasema, "Basi sawa, pumzika," akaniaga.

Nikafikiri, mwanangu amekua, amekuwa na adabu ya kumjali mama yake. Nililala.

Jana, basi. Mazishi yalianza asubuhi ya huku. Mghanga alinyanyua simu yake juu ya watu ili nisikie. Nilisikia upepo, nikasikia wimbo, nikasikia mtu akikohoa karibu na simu, kikohozi kirefu cha mtu wa baridi ya milimani. Kisha nikasikia koleo. Mara mbili. Kadi yangu ya simu ikaisha, na yule mwanamke wa kwenye mashine akaniaga kwa Kiingereza kizuri.

Nilikaa jikoni mpaka Mama Furaha alipokuja kunichukua. Hakutaka nikae peke yangu, na Mwakio alikuwa anacheza siku hiyo hiyo. Sikutaka kwenda. Mtu anazikwa, mimi naangalia mpira? Lakini nilitaka kumwona. Nilitaka kuhakikisha hajui. Nilijiambia, kama uso wake ni ule ule, basi uongo wangu umemfaa, umemlinda.

Mama Furaha aliniwekea ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao. "Kula kiloko, mama," alisema. "Hata kama ni mara mbili tu."

Na mpira jana ulikataa kusimama. Saa ilishuka chini ya kumi na sita, hakuna kipenga. Kumi na tano. Kumi na nne. Wanakimbia huku, wanakimbia kule, hakuna faulo, hakuna wa kuutoa nje. Sijawahi kuona. Mume wa Mama Furaha alikuwa anafurahia, anasema huu ndio mchezo. Mimi nilikuwa nataka mtu aanguke. Mungu anisamehe, nilikuwa nataka kijana wa watu aanguke ili nimwone wangu.

Ilikaribia kumi na mbili ndipo mpira ukatoka. Kamera ikakaa kwa wasichana wa vishada muda wote.

Matangazo ya pili, nikaona mgongo wake.

Ya tatu, kamera ikapita haraka. Taulo lilikuwa kichwani, si shingoni. Uso sikuuona. Niliona tu kwamba amefungwa tepu nyeupe kwenye kifundo cha mkono, na sikushangaa, wachezaji hufungwafungwa kila mahali.

Ya nne hawakuonyesha benchi kabisa.

Kipindi cha pili waliingia wakiwa nyuma, wakazidi kuwa nyuma. Mwakio aliingizwa dakika chache. Alipata mpira mara moja, akampa mwenzake, akarudishwa. Nilikuwa namwangalia miguu kama anaburuta. Hakuwa anaburuta. Nikaanza kupumua. Nikala hata lile tonge.

Saa ikashuka chini ya nne, kipenga kikalia. Matangazo ya mwisho. Sauti ya mtangazaji ikakatika.

Safari hii kamera ilikwenda benchi na ikatulia. Kocha amepiga goti, vijana wamemzunguka. Mwakio alikuwa katikati. Si nyuma ya mabega, ni katikati kabisa, na kijana mmoja mweupe mwenye nywele nyekundu alikuwa amemwekea mkono shingoni. Kocha akamaliza. Wakanyoosha mikono wote, wakaibandika juu ya mkono wa Mwakio, na kamera ikawaonyesha kwa juu.

Mikono yote ilikuwa na tepu nyeupe.

Mama Furaha ndiye aliyesoma kwanza. Alisogea hadi kwenye kioo. "Baliandika nini ku mikono yabo?" Kisha akanigeukia.

BABU. Kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, na msalaba mdogo chini yake. Kwenye kila mkono. Yule mwenye nywele nyekundu ameandika BABU. Wale warefu weusi wa Kimarekani wameandika BABU. Vijana wasioweza kuionyesha Wundanyi kwenye ramani wameandika jina analoitwa baba yangu na mjukuu wake, na wakalishika pamoja, na wakalisema, maana niliona midomo yao ikilitamka kwa pamoja kabla hawajatawanyika.

Wakati huo kule Marekani watu walikuwa wanaangalia gari.

Sikuomba. Ni mara ya kwanza. Nilisimama kwa mazoea, nikashindwa kupata neno hata moja.

Sijui nani alimwambia. Labda binamu zake wa Nairobi, wao wana barua pepe. Haina maana tena. Nilikuwa nikisema hana mtu wa kumshika, kumbe ameshikwa na timu nzima. Aliyekosa kumshika ni mimi.

Lakini lililonikesha si hilo. Ni ile simu ya Jumatano. Nimeirudia kichwani mpaka imenichosha. Mama, umekula? Mama, uko na mtu hapo? Mimi nilidhani ni adabu. Yalikuwa ni yale maswali yetu. Babu yake amemfundisha vizuri. Alikuwa anatafuta kujua kama kuna mtu wa kunishika, nikamjibu niko peke yangu, na yeye akafanya anavyofanya mtu wa kwetu. Akanitakia mapumziko, akakata simu, akabaki nalo.

Mtoto wa miaka ishirini anamficha mama yake kifo cha baba yake mzazi, kwa sababu mama yuko peke yake London.

Au anajua kwamba najua? Nilimwambia anakusalimia. Kama alikuwa ameshasikia siku ile ya Ijumaa, basi alinisikiliza nikimletea salamu za maiti, na hakusema kitu. Sijui lipi ni baya zaidi. Kwamba ananiona mjinga wa kuhurumiwa, au kwamba ananiona mwongo na amenisamehe.

Mghanga sijamwambia. Atasema tumefanya vyema, kwamba nia ilikuwa njema. Sitaki kuambiwa hivyo leo.

Sasa ni saa nne asubuhi. Kanisani siendi, siwezi kushikwa mkono na watu wote wale. Kule kwa Mwakio bado hakujapambazuka. Nitampigia saa nane, atakuwa ameamka. Nimejaribu kuandika kwenye karatasi nitakachomwambia, nimefuta mara tatu. Sina maneno ya dakika arobaini. Nitatafuta ya dakika nne.

Nitaanza na kumwuliza kama amekula, na kama yuko na mtu. Naye ataniuliza mimi. Nimemtumia Mama Furaha ujumbe, nimemwomba aje kabla ya saa nane akae hapa kwenye kiti cha jikoni, hata kama hana la kusema. Nataka mwanangu akiniuliza kama niko na mtu, nimjibu ndiyo, niko naye, sasa niambie.